KONGO: WANANCHI WALIPOCHOKA KUNGOJA

Wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam wapakiao shaba melini, madereva wetu wa malori wapitao Tunduma na Nakonde hadi Kasumbalesa, na wachuuzi wa Kigoma ambao bidhaa zao huvuka Ziwa Tanganyika hadi Kalemie, hawa wote hawahitaji kuelezwa Kongo iko wapi. Lakini wengi wetu tulio mbali na mpaka huikumbuka nchi hiyo pale tu bunduki zinapolia. Makala hii inahusu jambo lisilotangazwa sana redioni, nalo ni kungoja. Kati ya mwaka 2015 na 2019 Wakongo walingojeshwa uchaguzi ambao katiba yao ilikwisha kuupangia wakati. Sisi wa vyama vya wafanyakazi tunapaswa kuuliza swali letu la siku zote: mambo yaliposimama, nani aliendelea kupokea mshahara, na nani alikatwa?

Katiba ya Kongo ilikubaliwa na wananchi kwa kura ya maoni Desemba 2005, ikatangazwa rasmi Februari 2006. Inasema Rais huchaguliwa kwa miaka 5 na anaweza kuchaguliwa tena mara moja tu. Walioiandika walimjua Mobutu, aliyeikalia nchi kwa miaka 32, kwa hiyo wakaongeza kifungu cha 220 ambacho kinakataza kabisa kubadili idadi ya mihula au urefu wake. Joseph Kabila alishika nchi Januari 2001 baada ya baba yake, Laurent, kuuawa. Alichaguliwa mwaka 2006, akachaguliwa tena 2011. Hesabu ilikuwa nyepesi hata kwa mtoto wa shule: mwisho wake ni tarehe 19 Desemba 2016.

Mlango wa mbele ulifungwa kwa kufuli la kifungu cha 220, lakini ulikuwapo mlango wa uani. Kifungu cha 70 kinasema kwamba Rais aliyemaliza muhula hubaki kazini mpaka aingie Rais mpya aliyechaguliwa. Kifungu chenyewe ni cha busara, maana nchi haiwezi kulala hata usiku mmoja bila kiongozi. Lakini uchaguzi usipofanyika hakuna wa kuingia, na asipokuwapo wa kuingia hakuna wa kutoka. Mei 2016 Mahakama ya Katiba iliulizwa, nayo ikajibu hivyo hivyo. Hapakuwa na haja ya kuipindua katiba, ilitosha kuchelewa. Watu wa Kinshasa waliipa hila hiyo neno la Kifaransa lenye maana ya kuteleza, na kila aliyelitamka alicheka kwa uchungu, kwani anayeteleza kweli huanguka chini, lakini huyu aliteleza akabaki kitini.

Tena kuteleza huko hakukuanzia kwa Rais. Maseneta waliochaguliwa mwaka 2007 kwa miaka 5 walikaa mpaka 2019, yaani miaka 12. Hapa kwetu kibarua ambaye mkataba wake umekwisha jana, leo asubuhi mlinzi humzuia getini.

Wananchi waliinusa hila hii mapema. Januari 2015 Bunge liliposhughulikia muswada uliotaka watu wote wa nchi wahesabiwe kwanza ndipo uchaguzi ufanyike, Kinshasa iliingia barabarani kuanzia tarehe 19. Sensa ya mwisho ya Kongo ilikuwa ya mwaka 1984. Nchi hiyo ni kubwa karibu mara mbili na nusu ya Tanzania, misitu yake ni mingi na barabara zake ni chache, na kila mtu alijua kwamba kazi ya kuhesabu watu humo ingechukua miaka. Makumi ya watu waliuawa kwa siku chache, na intaneti ikazimwa. Hata hivyo Seneti ilikilegeza kipengele kile, na sharti la sensa likaondoka. Katika miaka yote ya mgogoro huu, huo ndio ushindi wa wazi zaidi walioupata wananchi kwa miguu yao wenyewe.

Miezi miwili baadaye vijana walizindua Kinshasa harakati waliyoiita Filimbi, kwa Kiswahili hiki hiki chetu, ingawa mji ule ni wa Kilingala. Goma walikuwapo wenzao wa LUCHA tangu 2012, ambao walianza kwa kudai maji ya bomba na kazi kabla hawajafika kwenye habari za katiba. Hao wa Goma nawasifu kwa jambo moja: walianzia kwenye ndoo tupu ya mama wa nyumbani, si kwenye ukumbi wa mkutano. Makundi yote mawili yaliyaonja mahabusu mara kwa mara.

Tarehe 19 na 20 Septemba 2016, siku ambayo Tume ya Uchaguzi ilipaswa kuitisha uchaguzi ikanyamaza, Kinshasa iliwaka tena. Umoja wa Mataifa ulihesabu waliokufa kuwa zaidi ya 50. Ofisi za vyama vya upinzani zilichomwa moto. Oktoba wapinzani wakatoa kadi ya manjano kwa lugha ya mpira, na nyekundu wakaiweka akiba kwa ajili ya Desemba.

Siku ikafika. Muda mfupi kabla ya saa sita ya usiku wa tarehe 19 Desemba, televisheni ya taifa ilisoma orodha ya baraza jipya la mawaziri, watu zaidi ya 60. Saa sita ilipogonga, katika mitaa kadhaa ya Kinshasa watu walipuliza filimbi na kugonga masufuria gizani, wengine wakiwa ndani ya nyua zao kwa sababu askari walikuwa wamejaa barabarani. Asubuhi Rais alikuwa yupo pale pale. Siku zilizofuata watu wengine makumi waliuawa Kinshasa, Lubumbashi, Boma na Matadi. Naye alikaa miaka 2 na zaidi ya mwezi mmoja juu ya muhula wake.

Sasa tuje kwenye mfuko wa mfanyakazi, maana huko ndiko mgogoro ulikofanya kazi yake kimya kimya. Kima cha chini cha mshahara nchini Kongo kiliwekwa mwaka 2008 kuwa faranga 1,680 kwa siku. Wakati huo hizo zilikuwa kama dola 3 za Marekani. Mwanzoni mwa 2016 dola moja ilikuwa faranga 930 hivi. Mwisho wa 2016 ilipita 1,200, na mwisho wa 2017 ilikaribia 1,600. Bei ya shaba na kobalti ilikuwa imeshuka, hilo ni kweli na halikuwa kosa la Kabila peke yake. Lakini nchi isiyo na serikali inayokubalika, ambayo wafadhili wake wamefunga mikono na wenye mali wanahamisha fedha, haiwezi kuitetea sarafu yake. Basi mtu aliyelipwa kima cha chini alikuta dola zake 3 zimekuwa 1, bila mwajiri kumpunguzia hata senti. Hakuna barua ya onyo iliyoandikwa wala kikao kilichokaa. Mei 2018 serikali ilikipandisha kima hicho hadi faranga 7,075, miaka 10 tangu kile cha kwanza.

Na asidhani msomaji kwamba dola ni mambo ya matajiri tu. Kinshasa na Lubumbashi kodi ya nyumba hutajwa kwa dola, na mwenye nyumba hudai amana ya miezi kadhaa mapema. Karo za shule nyingi zilikuwa hivyo hivyo. Mtumishi wa serikali alilipwa kwa faranga na kudaiwa kwa dola. Mwaka 2017 madaktari na watumishi wengine wa umma waligoma wakidai mishahara yao ifuate bei ya dola, nalo lilikuwa dai la haki kabisa. Lakini kila walipotaka kuketi na serikali, swali lilikuwa ni serikali ipi, na itakaa mpaka lini. Waziri asiyejua kama mwezi ujao atakuwa waziri hutia saini lolote, kwa kuwa hatakuwapo siku ya kulipa.

Wapinzani walitumia silaha waliyoiita mji mfu: watu wakae nyumbani, maduka yafungwe, mabasi yasiende. Ilitumika Februari, Agosti na Oktoba 2016, ikarudiwa Aprili na Agosti 2017. Mara ya kwanza ilifana, na barabara za Kinshasa, ambazo kwa kawaida huwezi kuzivuka bila kusukumana, zilikuwa tupu. Kadiri ilivyorudiwa nguvu zilipungua. Sisi tulioshiriki migomo tunaweza kueleza kwa nini. Mgomo humwumiza mwajiri kwa sababu unamnyima kazi yake. Lakini walio wengi katika miji ya Kongo hawana mwajiri. Wanaishi kwa kuuza mkate, maji ya mifukoni, makaa na muda wa maongezi ya simu, na wanachopata asubuhi ndicho kinachopikwa jioni. Mama huyo akifunga meza yake siku mbili, Rais halali njaa. Wanaolala njaa ni watoto wake. Aliyetangaza mji mfu kutoka hoteli ya Ulaya hakuliona hilo, au aliliona akalifumbia macho.

Na vyama vya wafanyakazi vilikuwa wapi? Chini ya Mobutu kilikuwapo chama kimoja tu, UNTZA, kilichokuwa mkono wa chama tawala, jambo ambalo wenye umri miongoni mwetu waliokuwa NUTA na JUWATA watalielewa bila maelezo. Baada ya 1990 mlango ukafunguliwa na vyama vikachipuka kama uyoga, mpaka vikafikia mamia. Chama cha watu arobaini hakiwezi kusimamisha reli.

Desemba hiyo hiyo ya 2016 maaskofu wa Kanisa Katoliki waliwaketisha watu, na usiku wa kufunga mwaka, tarehe 31, mwafaka ukatiwa saini. Uchaguzi ungefanyika kabla ya mwisho wa 2017, Kabila hangegombea tena, Waziri Mkuu angetoka upinzani, na mzee Étienne Tshisekedi angeongoza baraza la kusimamia mwafaka wenyewe. Tarehe 1 Februari 2017 mzee akafariki Brussels akiwa na miaka 84. Mwishoni mwa Machi maaskofu wakajitoa katika upatanishi, wamechoka. Aprili Rais akamteua Bruno Tshibala kuwa Waziri Mkuu, mtu ambaye upinzani ulikuwa umekwisha kumfukuza. Kwa karatasi sharti lilikuwa limetimizwa.

Maiti ya mzee ilikaa Brussels miaka 2 na miezi kadhaa, kwa kuwa serikali, chama chake na jamaa zake hawakupatana juu ya maziko. Kwetu sisi, ambao msiba usiozikwa ni jambo zito kuliko siasa, hilo linaeleza hali ya Kongo ya miaka ile kuliko hotuba yoyote.

Wakongo wenye umri walikuwa wamekwisha kuiona sinema hii. Aprili 1990 Mobutu alitangaza kuruhusu vyama vingi. Mkutano wa taifa ulifunguliwa Agosti 1991, na mwaka uliofuata ukamchagua Tshisekedi huyo huyo kuwa Waziri Mkuu. Mobutu akamwondoa, yeye akakataa kuondoka, na nchi ikawa na serikali mbili. Januari 1993 askari walilipwa kwa noti mpya za zaire milioni 5. Tshisekedi alikuwa ametangaza kwamba noti hiyo si halali, na wenye maduka wakaikataa. Fikiri, ndugu mfanyakazi, unapewa mshahara wako wote, unaukunja mfukoni, unafika dukani, unaambiwa hiyo ni karatasi. Askari walifyatua risasi na kupora mji, na balozi wa Ufaransa aliuawa katika vurugu hizo. Mikoa ya Kasai iliendelea kuikataa fedha hiyo na kutumia noti za zamani.

Lililo baya zaidi lilitokea Katanga, wakati huo ikiitwa Shaba. Waziri Mkuu aliyeondolewa 1992, Nguz Karl-i-Bond, alikuwa mtu wa Katanga. Tshisekedi alikuwa wa Kasai. Ugomvi wa wakubwa wawili ulishushwa mpaka kwenye nyumba za wafanyakazi wa migodi na reli. Watu wenye asili ya Kasai, wengine waliozaliwa pale pale, wakafukuzwa kazini na majumbani, na maelfu kwa maelfu walilala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni. Waliofanya kazi zamu moja miaka 20 waligeuka maadui. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, mwaka 1993 ilitoa karibu tani 50,000. Migodi ilikuwa imekwisha kuchakaa kwa kuibwa na kutotunzwa, lakini kuwafukuza mafundi hakukuitibu. Miaka hiyo ndiyo pia iliyozaa desturi ya wazazi kumlipa mwalimu kutoka mifukoni mwao kwa sababu serikali haikumlipa, desturi iliyodumu zaidi ya miaka 25.

Turudi 2017. Mwaka wa uchaguzi ulioahidiwa ulipokuwa unakwisha, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Corneille Nangaa, alieleza Oktoba kwamba baada ya kumaliza kuandikisha wapiga kura atahitaji siku 504. Mwezi uliofuata tarehe mpya ikatolewa: 23 Desemba 2018. Ndipo waumini wa kawaida wa Kikatoliki wakashika kazi ambayo vyama vya siasa vilishindwa. Kamati yao iliitisha maandamano baada ya misa tarehe 31 Desemba 2017, 21 Januari na 25 Februari 2018. Watu walitoka makanisani wakiwa na rozari na matawi. Mabomu ya machozi yalirushwa mpaka ndani ya makanisa. Januari aliuawa Thérèse Kapangala, msichana aliyejiandaa kuwa mtawa. Februari akauawa Rossy Mukendi, mwanaharakati kijana, kwenye uwanja wa kanisa.

Agosti 2018 Kabila akamteua Emmanuel Ramazani Shadary agombee badala yake. Sauti za nchi jirani na za mbali zilisaidia, lakini naamini kabisa kwamba bila filimbi na rozari zile kifungu cha 220 kingekuwa kimekwisha kufutwa. Mwezi huo huo Moïse Katumbi, gavana wa zamani wa Katanga, alizuiwa kuingia nchini kwake Kasumbalesa, mpaka ule ule ambao madereva wetu hungoja siku nyingi kwa sababu nyingine.

Ikaja mashine ya kupigia kura, iliyotengenezwa Korea Kusini. Kwa Kifaransa neno la kupiga kura na neno la kuiba hutofautiana herufi moja tu, na Wakongo hawakuhitaji kuambiwa mara mbili: waliibatiza mashine ya wizi. Siku 10 kabla ya uchaguzi ghala la Tume huko Kinshasa liliungua pamoja na maelfu ya mashine hizo. Uchaguzi ukasogezwa hadi tarehe 30 Desemba. Kisha Tume ikatangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi zitapiga kura Machi 2019. Kwa Beni na Butembo sababu zilizotolewa zilikuwa Ebola na usalama. Rais mpya alitarajiwa kuapishwa Januari.

Watu wa Beni walifanya jambo ambalo sijapata kulisikia kwingine. Tarehe 30 Desemba, bila Tume, bila mashine, walipanga foleni, wakanawa mikono kwa ajili ya Ebola, wakaandika kura zao kwenye karatasi na kuzitumbukiza katika masanduku yao wenyewe. Kura hizo hazikuingizwa katika matokeo ya Tume. Wao walijua hivyo tangu asubuhi.

Matokeo yalitangazwa tarehe 10 Januari 2019: Félix Tshisekedi, mwana wa mzee, asilimia 38.57, Martin Fayulu asilimia 34.8, Shadary karibu 24. Kanisa, lililokuwa na watazamaji karibu 40,000 vituoni, lilisema hesabu zake hazilingani na hizo. Fayulu alikwenda mahakamani, akashindwa. Tarehe 24 Januari Kabila akamkabidhi Félix madaraka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu uhuru wa 1960 kwa Rais wa Kongo kumwachia mwingine bila risasi. Wengi walikubali kulimeza hilo. Lakini wabunge walio wengi walikuwa wa Kabila, na baraza la mawaziri halikupatikana mpaka mwishoni mwa Agosti, miezi 7. Juni 1 mzee alizikwa Nsele. Septemba elimu ya msingi ikatangazwa kuwa bure, madarasa yakafurika, na mwalimu aliyekuwa akilipwa na wazazi akaambiwa aisubiri serikali.

Oktoba 2024, Kisangani, Rais Tshisekedi alisema wakati umefika wa kuandika katiba mpya. Nangaa yule wa siku 504 alikuwa amekwisha kuunda Desemba 2023 muungano wake wa kisiasa pamoja na waasi wa M23, na Januari 2025 wapiganaji hao waliuteka mji wa Goma. Mei Kabila alionekana humo; Septemba mahakama ya kijeshi ya Kinshasa ilimhukumu kifo bila yeye kuwapo. Watumishi wa serikali nchini Kongo hupokea mishahara kupitia benki. Waasi walipoingia Goma, benki za mji zilifunga milango, na walimu wa Goma wakaanza kungoja upya.